Begi Limechanika, Mkanda Umepinda: Tatizo Liko Wapi?

Mteja akiniletea begi la shabaha lililochanika, sishiki sindano kwanza. Nashika mizani. Ni ile mizani ya ndoano wanayopimia samaki kule Ggaba, niliinunua soko la Owino hapa Kampala ikiwa imeshatumika. Naning'iniza begi na kila kilichomo, isipokuwa silaha, maana silaha haiingii kibandani kwangu. Hilo tunakubaliana kwenye simu kabla mtu hajatoka kwake. Mteja anakisia kilo nne. Mshale unasimama kwenye saba. Tunatazamana, ndipo mazungumzo yanapoanza.

Kibanda kiko Nsambya, karibu na kambi ya polisi nilikozaliwa. Nashona ngozi na turubai: viti vya taksi, mikoba ya shule, na zaidi ya yote mabegi na mikanda ya watu wanaokwenda uwanja wa shabaha, au renji kama tunavyosema kambini. Wapo wakufunzi wa kampuni za ulinzi, wapo maafande waliostaafu, wapo raia wenye leseni ambao kwao shabaha ni mchezo wa Jumamosi. Magonjwa ya vifaa vyao yanafanana, na karibu mara zote pale palipochanika sipo palipoanza kuugua. Kwa hiyo nimepanga haya kwa dalili. Tafuta yako.

Kamba ya begani inang'oka kwenye pembe

Hii naletewa kuliko zote. Mtu anashika pembe iliyoachia, ananionyesha nyuzi zinazoning'inia, anasema uzi ulikuwa mbovu. Mara mojamoja ni kweli. Mara nyingi uzi umefanya kazi kuliko ulivyoajiriwa.

Piga hesabu kidogo. Risasi moja ya 9mm ina gramu 12 hivi. Boksi la 50 ni gramu 600. Ukienda na maboksi manne, umebeba kilo 2.4 za risasi peke yake, kabla hujaweka maji lita moja na nusu, bastola na kasha lake, vifunika masikio, fimbo na mafuta ya kusafishia, stepla na karatasi za shabaha. Mwenye shotigani ana mzigo mbaya zaidi, maana boksi la risasi 25 hupita kilo moja, na hakuna anayekwenda na boksi moja. Sasa begi lenyewe lilishonwa kwa ajili ya jezi na viatu vya mpira. Limeonewa.

Uzito uliotulia hauna ubaya mkubwa. Mshono hukatwa na mishtuko. Panda boda kutoka Nsambya hadi Kibuye na begi begani, uhesabu mashimo na matuta. Kila tuta linanyanyua begi kidogo na kuliachia, na kila likishuka linavuta kamba kwa nguvu inayozidi sana zile kilo saba. Safari moja haionyeshi kitu. Safari arobaini zinaonyesha. Begi likae pajani au katikati yako na dereva, kamba iwe begani kwa usalama tu, si kwa kubeba.

Kisha tazama ni pembe ipi iliyoachia. Nikiuliza risasi hukaa mfuko gani, jibu huwa upande uleule. Watu wanapenda kujaza risasi kwenye mfuko wa pembeni kwa sababu uko karibu na mkono, na pembe moja inabeba theluthi mbili za mzigo. Risasi zikae katikati, chini kabisa, zikilala. Maji upande mmoja, vifunika masikio na vifaa upande wa pili. Kabla ya kutia mshono mpya ninampangia mteja begi lake upya, na wapo waliorudi nyumbani bila kushonewa kitu.

Unapochagua begi jipya, acha mifuko yake, fuata ukanda wa nailoni kwa kidole. Umemwona mwenye baiskeli anavyofunga mkungu wa matoke? Kamba inapita chini ya mkungu, inauzunguka, inarudi juu. Haifungwi kwenye kikonyo ikaachwa ining'inie. Begi zuri ni hivyohivyo: ukanda unaanzia kwenye mshikio, unashuka ubavuni, unapita chini ya kitako, unapanda upande wa pili. Begi baya, ukanda unaishia kwenye mshono wa ubavu, vidole viwili tu ndani ya kitambaa. Pale ukanda unapoishia pawe na mshono wa mraba wenye msalaba ndani yake, si mistari miwili ya kupamba.

Uzi nao unajaribika. Omba kipande kidogo kilichobaki kwenye pindo, kichome kwa kiberiti. Uzi wa pamba unaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu. Huo utaoza kwa mvua zetu. Uzi wa nailoni au polyesta unayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Vyote viwili ni imara, ila begi linaloshinda juani, kwenye kiti cha nyuma cha gari mathalani, ningelishona kwa polyesta, maana jua huidhoofisha nailoni upesi zaidi.

Wauzaji watakuonyesha lebo ya 1000D wakidhani wamemaliza maneno. Hiyo D ni dinia: uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Maana yake kitambaa kimefumwa kwa uzi mnene. Haisemi lolote juu ya mshono, na sijawahi kuletewa begi lililochanika katikati ya kitambaa. Begi la 600D lililoshonwa na mtu mwenye adabu naliamini kuliko la 1000D la kulipua.

Pembe ikishaachia, usikubali fundi apitishe uzi kwenye matundu yaleyale. Afumue, aweke kiraka cha turubai kwa ndani, arefushe ukanda hadi chini ya kitako. Atakwambia ni kazi ya siku nzima. Ni kweli, mlipe.

Zipu inafungwa mbele, inafunguka nyuma

Meno ya zipu yakiachana nyuma ya kitelezi, watu hulaumu meno. Meno ni mazima. Kitelezi ndicho kimepanuka kwa kuvutwa juu ya begi lililojaa kupita kiasi. Chukua koleo, ubane kitelezi taratibu upande wa kushoto kisha wa kulia, kidogokidogo, ukijaribu kila mara. Ukikibana kwa hasira kinavunjika. Kikirudia baada ya wiki, badilisha kitelezi peke yake. Hakuna haja ya kubadilisha zipu nzima, hata kama fundi angependa.

Zipu ikiwa nzito tu, bila kuachia, ni vumbi jekundu la maramu. Mswaki mkavu kwanza, halafu mshumaa au ncha ya penseli juu ya meno. Usitie mafuta ya bunduki. Najua unayo mkononi na yanashawishi. Yatalainisha siku mbili, kisha yatakamata vumbi na kuwa kinu cha kusagia meno.

Wakati wa kununua, geuza kitelezi nyuma utafute namba. Namba 5 ni ya mkoba wa shule. Mlango mkuu wa begi la risasi nataka namba 10, ambayo meno yake yakifungwa yana upana wa karibu milimita 10. Na tazama zipu inapokata kona: kona kali ndiyo huua zipu, ya mviringo huiacha iishi.

Kitako cha begi kinabonyea

Begi likishuka tumbo, risasi hukusanyika katikati na kila kitu kinaziangukia. Dawa ni jerikani. Ile ya njano ya lita 20 iliyotoboka, kata ubavu wake kwa kisu, ukate kipande cha kipimo cha kitako, uviringe pembe zake kwa mkasi ili zisitoboe bitana. Kikiwa kimepinda, kiache juani mchana mmoja chini ya matofali. Hakiozi, hakilowi, kinafutika. Kuna mabegi ya bei kubwa yenye karatasi ngumu mahali hapo, na karatasi hiyo ikilowa mara moja inakuwa uji.

Bastola inainama nje, mkanda unajikunja

Hapa ndipo pana maneno mengi, maana mkanda una njia nyingi za kukosewa, nazo hujificha nyuma ya moja.

Mwaka huu alikuja afande mmoja, mwanamke, anayewafundisha walinzi. Ala ya bastola, holsta kama wengi wanavyoiita, alikuwa ameinunua nzuri tu, ya plastiki ngumu. Akaiweka mezani pamoja na mkanda.

"Mzee, huu mkanda umenishinda. Nikisimama mpini unanichoma mbavuni, nikichuchumaa holsta yote inageuka."

"Afande, umeshabadilisha holsta mara ngapi?"

"Hii ya tatu."

Nikachukua rula. Mkanda ulikuwa na upana wa milimita 38. Nafasi ya mkanda kwenye holsta ilikuwa milimita 50. Milimita 12 za hewa. Hata holsta ya kumi ingegeuka.

Kwa kuwa sishughuliki na silaha kibandani, nina kifuko cha mchanga cha gramu 900, ambao ndio uzito wa bastola ya kawaida ya 9mm ikiwa na magazini iliyojaa. Nikakitia kwenye holsta, akaivaa. Tukaona kwa macho. Sehemu ya juu ikavutwa nje, mkanda ukajikunja kama ulimi, na suruali ikashuka upande wa kulia.

Sababu ya kwanza ndiyo hiyo ya upana. Mikanda ya suruali huwa milimita 38 hivi, ya kazi milimita 45 au 50. Pima vitanzi vya suruali, pima nafasi ya holsta, pima mkanda. Vitatu hivyo visemezane kabla hujatoa pesa. Ukiwa umeshanunua, holsta nyingi zina vipande vya kuziba nafasi, na kama havipo, kipande cha ngozi kilichokatwa kwa kipimo kinatosha. Holsta ya afande ilitulia nusu nzima kwa ngozi ya thamani ya chai na chapati.

Nusu iliyobaki ilikuwa ulaini wa mkanda. Jaribu hivi dukani: shika ncha moja, uelekeze mkanda mbele yako ukiwa umesimama kwa ukingo wake. Mkanda laini unaanguka papo hapo. Mkanda wa kubeba silaha unakwenda karibu dhiraa moja kabla haujainama. Halafu ushike kwa mikono miwili uukamue kama nguo iliyofuliwa. Ukikubali kwa urahisi, bastola nayo itaukamua. Ninaoshona mimi ni tabaka mbili za ngozi zilizobandikwa mgongo kwa mgongo na kushonwa, unene wa milimita 5 kwa jumla. Ya nailoni nayo ni mizuri, mradi iwe na tabaka mbili na utepe mgumu katikati. Mvua haiitishi.

Kuhusu ngozi, tazama ukingo uliokatwa. Ngozi halisi inaonyesha nyuzinyuzi zilizoshikamana kutoka juu hadi chini. Ile ya unga wa ngozi uliogandishwa kwa gundi inaonyesha kitu kama karatasi ngumu, na juu yake ngozi ya plastiki inayong'aa kupita kiasi. Itaanza kubanduka kwenye matundu. Ya mkanda nataka iliyotengenezwa kwa magome ya miti, inakuwa ngumu na kushika umbo; ile laini ya viatu na sofa haifai hata iwe nzuri namna gani. Viwanda vya Jinja vinatoa ngozi, na mara nyingine napata ya mgongoni yenye alama za kupe. Alama hazina shida. Ngozi ya tumboni, inayonyumbuka, hiyo muuzie mwenye kushona pochi.

Sasa mbavu. Huyu afande nyonga zake ni pana kuliko kiuno, na mkanda ulionyooka ukivaliwa juu ya mwili wa namna hiyo, ukingo wa juu unaingia ndani na wa chini unasukumwa nje. Mpini hauna pa kwenda ila mbavuni. Wanawake wengi wanaambiwa wazoee. Wasizoee. Kuna vipachiko vinavyoshusha holsta chini ya mkanda na kuisogeza nje kidogo, na kuna kusogeza holsta mbele kidogo ya mfupa wa nyonga. Mimi nilimkatia mkanda wa upinde, yaani uliokatwa kwenye ngozi ukiwa umepinda kama ndizi, ili ukivaliwa ukae kama bakuli. Unakula ngozi karibu mara mbili. Alipouvaa akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena, akanitazama.

"Kumbe si mimi," akasema.

Mkanda wa kazi unaovaliwa juu ya mkanda wa suruali una ugonjwa wake mwingine: unazunguka. Asubuhi holsta iko kulia, saa nne iko mgongoni. Unahitaji vishikio, vile vikanda vidogo vyenye vifungo vinavyofunga mkanda wa nje na wa ndani pamoja, vinne kwa kawaida, viwili vikiikumbatia holsta. Asiye navyo anakaza mkanda hadi anashindwa kupumua, kisha analalamika kuhusu jambo nitakalolieleza chini. Kwa wanaovaa mkanda mmoja tu, utepe wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ulioshonwa upande wa ndani kwenye nyonga, unazuia kuteleza. Si mrembo. Hauonekani.

Wenye umri wangu wanakumbuka picha za maofisa wenye kamba ya ngozi inayokatiza kifuani kutoka begani hadi kiunoni. Ule mkanda unaitwa Sam Browne, jina la ofisa Mwingereza wa jeshi la India aliyepoteza mkono wa kushoto vitani mwaka 1858. Bila mkono wa kushikilia ala ya upanga, ilibidi ala ishikiliwe na kitu kingine, na bega likaajiriwa. Sisemi uuvae kwenye renji. Ila ukiwa na kilo tatu kiunoni na mgongo unalalamika, mikanda ya mabegani inayoshikilia mkanda wa kazi inafanya kazi ileile, na haionekani chini ya jaketi.

Tundu la mkanda linarefuka

Huu ni ugonjwa wa kipimo. Watu wananunua mkanda kwa namba ya suruali. Namba hiyo haijui kuwa una holsta, na kama unaivaa ndani ya suruali inakula sentimita 3 hadi 5. Basi unafunga tundu la mwisho, uzito wote unavuta sehemu isiyobaki na ngozi ya kutosha nyuma yake, na tundu linakuwa yai.

Vaa suruali ya renji, vaa holsta, chukua mkanda wowote unaokutosha. Pima kutoka pale bizimu inapokunjwa hadi tundu unalotumia. Hicho ndicho kipimo, na kiangukie tundu la kati kati ya matano. Usitoboe matundu mapya katikati ya yale ya zamani. Matundu yakikaribiana ngozi inakuwa kama karatasi ya stempu, inasubiri kuchanwa tu. Kosa hilohilo wanalifanya mafundi wanaojaza mishono midogo midogo wakidhani wingi wa mishono ni nguvu.

Paja linakufa ganzi, mgongo unauma

Ganzi au mwasho wa moto upande wa nje wa paja, bila kuanguka wala kuumia, mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaopita karibu na mfupa wa nyonga kwa mbele. Mkanda uliobana unaukandamiza. Legeza, sogeza holsta au mfuko wa magazini kutoka juu ya mfupa ule, na ganzi ikiendelea wiki moja mbili nenda kwa daktari, si kwa fundi.

Maumivu ya mgongo tazama nyuma ya mkanda. Kitu kigumu kikikaa sawasawa juu ya uti wa mgongo, pingu au mfuko wa magazini, kila ukikaa kwenye gari kinakusukuma mbele, na siku ukianguka chali utaanguka juu yake. Katikati ya mgongo pabaki patupu. Sina mjadala kwa hilo.

Vijifuko vinarukaruka

Begi au fulana yenye safu za kupachika vijifuko ina tepe za upana wa milimita 25, zilizoshonwa kila baada ya milimita 38. Ulimi wa kijifuko unatakiwa kusukwa: upite kwenye tepe ya begi, urudi kwenye tepe ya kijifuko, uingie tena kwenye begi, kama mkeka. Watu wengi wanaupitisha upande mmoja moja kwa moja hadi chini, wanabana kifungo, wanashangaa. Fumua, suka. Dakika tano.

Velkro haishiki tena

Haijafa, imejaa. Nyuzi za sweta, nywele, majani. Ikwangue kwa mswaki mgumu au ncha ya shazia. Ikiwa upande laini ndio uliochakaa na kuota upara, badilisha huo peke yake. Kitu cha thamani kisifungwe kwa velkro tupu. Kiwe na kifungo cha kubofya pia.

Ukungu kwenye ngozi, kijani kwenye risasi

Mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba zinaniletea wateja kuliko tangazo lolote. Begi linawekwa chini ya kitanda likiwa na unyevu, mlango wa zipu umefungwa, na baada ya wiki tatu mkanda umeota manyoya meupe.

Futa ukungu nje ya nyumba kwa kitambaa chenye siki na maji nusu kwa nusu, uanike kivulini penye upepo. Si juani, na tafadhali si kando ya sigiri. Ngozi iliyokaushwa kwa sigiri inapasuka, na hapo sina dawa. Ikishakauka, paka rangi ya viatu ya nta, kidogo. Kuna anayepaka mafuta ya kupikia. Yanaingia, yanachacha, na yanaulainisha mkanda hadi unarudi kuwa ule ulimi niliousema.

Lile koti la kijani kwenye maganda ya shaba, na vidoa vya kutu kwenye chuma, vinatoka kwenye ngozi yenyewe. Ngozi hushika unyevu, na ndani yake mna chumvi na asidi za kutengenezea. Basi holsta ya ngozi ni ya kuvaa. Si ya kuhifadhia bastola. Risasi nazo zisikae wiki nzima kwenye mkanda wa vitanzi vya ngozi. Zirudi kwenye boksi lake, na boksi na bastola virudi kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Begi libaki wazi, tupu, limening'inizwa. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vinyonye unyevu ndani ya begi. Vikusanye kwa wauza viatu, wanavitupa.

Vifunika masikio havizibi, miwani ina mikwaruzo

Mlio wa bastola unapita desibeli 140, kiwango ambacho hata mlio mmoja unaweza kuumiza sikio. Sasa kifunika sikio kinafanya kazi kwa ule mto wake laini kugusa ngozi pande zote. Ukikibana chini ya maboksi ya risasi, au ukakivisha chupa ya maji ili kisipotee, mto unabonyea upande mmoja na utepe wa kichwani unapanuka. Mteja anasema kifunika sikio ni feki. Kumbe begi. Kiweke kwenye chombo kigumu, hata kopo la plastiki la siagi la kilo mbili, juu ya kila kitu. Miwani ya kinga iingie kwenye soksi safi. Vizibo vya sponji vikae kwenye kikopo chao, maana vikigusa vumbi la begi ndilo utakaloliingiza sikioni.

Begi lina vumbi la kijivu na harufu ya baruti

Vumbi hilo lina risasi yenyewe, namaanisha madini ya risasi, kutoka kwenye vichwa vya risasi na viwashio vyake. Kwa watoto hakuna kiwango kidogo kilicho salama. Kwa hiyo begi la renji lisipande meza ya kulia, lisikae chumba cha watoto, na lisikung'utwe uani wanapocheza. Ligeuze, ulifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kitambaa ukitupe. Tenga mfuko mmoja wa matambara machafu na maganda, wenye bitana ya plastiki inayofutika. Hilo ni jambo la kuangalia wakati wa kununua, na wachache hulikumbuka. Nunua begi lenye bitana ya rangi nyepesi ili uchafu uonekane. Na kabla hujashika rolex, ile chapati ya mayai, pale steji, nawa mikono kwa sabuni, maji baridi.

Unasimamishwa kila mlango

Tangu mabomu ya Julai 11, 2010, kukaguliwa mlangoni ni kawaida ya Kampala: madukani, hotelini, hata kanisani. Begi la renji halina kazi huko. Toka uwanjani, nenda nyumbani. Bastola iwe haina risasi, ndani ya kasha lenye kufuli, kasha ndani ya begi, risasi mfuko mwingine, na leseni mahali unapoweza kuitoa bila kupekua karibu na silaha. Sheria ya Silaha ni ya mwaka 1970 na masharti ya leseni yako ndiyo yanayokuhusu, yasome yote.

Lakini kuna kusimamishwa kunakotokana na begi lenyewe. Mivumba, yaani mitumba, ya Owino inaleta mabegi mazuri sana ya majeshi ya nje, yenye madoadoa ya kijeshi, kwa bei ya kumfanya mtu ajisahau. Hapa kwetu mavazi na vifaa vya jeshi si vya raia. Sheria ya UPDF, jeshi letu la Uganda, ya mwaka 2005 inalisema hilo, na mwaka 2019 hata bereti nyekundu ikachapishwa kwenye gazeti la serikali kuwa mali ya jeshi. Chukua nyeusi, kijivu au bluu, isiyo na nembo ya bunduki wala maandishi ya kujitapa. Begi linalofanana na la fundi umeme ndilo begi zuri.

Kijana mmoja, mtu wa shabaha za Jumamosi, aliniletea la madoadoa akitaka nilipake rangi nyeusi. Nikamwambia nailoni haishiki rangi ya viatu. Mvua ya kwanza tu, rangi itahamia shatini kwake na madoa yatabaki palepale. Akaniuliza kama basi ningenunua vipande. Ukanda ulipita chini ya kitako hadi upande wa pili, mshono wa msalaba kila mahali, kona za mviringo. Zipu ilikuwa namba 10, nzima kabisa, na sikuthubutu hata kuichomoa.